Land Rover Kuukuu Zifufuliwe kwa Bati, Zisifichwe kwa Puti

Barabara kuu inayotoka Lusahunga mkoani Kagera, ikapita Nyakahura na kuelekea Benaco na daraja la Rusumo, leo inajulikana kwa malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Kabla ya lami, gari lililoaminiwa katika njia hii, masika na kiangazi, lilikuwa Land Rover. Ndilo lililombeba bwana shamba, mganga, polisi, mmisionari na askari wa wanyamapori wa Burigi na Kimisi. Wamarekani hutumia fedha nyingi kufufua magari yao ya injini kubwa ya miaka ya 1960 kwa sababu wanaiona ndani yake enzi nzima ya nchi yao. Kwa sababu hiyohiyo, Land Rover kuukuu zilizobaki Kagera zinastahili kufufuliwa, na namna ya kuzifufua ina uzito wake. Kutu ikatwe, bati zima lichomelewe mahali pake. Atakayepaka puti na rangi juu ya kutu atalipoteza gari, na historia yake itapotea nalo.

Ushahidi wa kwanza umo katika bodi yenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, wakati Uingereza iliyochoshwa na vita ikigawa chuma kwa mgao. Kampuni ya Rover ikatumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na chuma kikabaki kwenye chasisi na kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaoeleza kwa nini gari la miaka 50 linaweza kuwa na ubavu mzima huku sakafu ya miguuni pa dereva imetoboka. Chasisi ni boksi lenye uwazi ndani. Udongo mwekundu wa Biharamulo na Ngara ukishaingia humo hushika unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika, na chuma huliwa kutoka ndani bila dalili nje. Alumini nayo haishiki kutu nyekundu, lakini inapokutana na chuma penye maji, hasa kwenye ribiti na fremu za milango, huvimba na kugeuka unga mweupe. Fundi asiyejua historia hii hutafuta ubovu mahali pasipo na ubovu.

Ushahidi wa pili ni ujuzi wa mafundi wetu, uliozaliwa na uhaba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Land Rover zilikuwa zikiunganishwa Thika, upande wa pili wa mpaka huo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na serikali ya Tanzania ikakusanya magari ya mashirika na ya watu binafsi kupeleka askari na vifaa vitani. Vita vilipokwisha, magari yalikuwa yamechoka na hazina haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vipuri. Mpaka masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, aliyetaka gari lake litembee alimtegemea fundi wa bodi, ambaye alikata bati la pipa, akalikunja kwa nyundo na kulichomelea mahali pa lile lililooza. Kiraka cha aina hiyo ni kumbukumbu ya miaka ya dhiki, sawa na karatasi yoyote iliyohifadhiwa ofisini.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, huanza kwa subira. Bodi hufunguliwa, chasisi hugongwa kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, na panapotoa sauti ya kufa hukatwa mpaka chuma kizima kionekane. Alumini iliyobonyea haipigwi ikiwa baridi, maana imekakamaa na itapasuka. Fundi huipaka sabuni ya mche, akapitisha moto wa gesi taratibu. Sabuni ikigeuka nyeusi, bati limelainika, moto huondolewa haraka na nyundo huanza. Halafu huja msasa wa maji, na hapo tabaka hujitokeza moja baada ya jingine: kijani cha kiwandani, kijivu cha idara fulani, pengine nyeupe ya mashirika ya misaada. Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na magari mengi yaliitwa kuwahudumia. Anayekwangua rangi zote bila kuzipiga picha wala kubakiza kipande kidogo mahali pa siri anafuta ushahidi ambao hautarudi.

Wapo watakaosema gharama hiyo haina faida, kwamba Toyota iliyotumika ni nafuu zaidi na chuma chakavu kina soko. Kwa gari la biashara wana haki. Lakini puti si nafuu pia: hunyonya unyevu, kutu huendelea chini yake, na baada ya masika rangi huvimba na mwenye gari hulipa tena. Wengine wanasema gari kuukuu ni hatari barabarani. Hoja hiyo inaunga mkono kazi ya kweli, kwa kuwa hatari kubwa ni chasisi iliyooza iliyofunikwa rangi inayong'aa. Wapo pia wanaoiona Land Rover kama alama ya mkoloni. Ni kweli ililetwa na mkoloni, na boma la Biharamulo lilijengwa na Wajerumani. Boma limehifadhiwa kwa sababu wenyeji ndio waliobeba mawe na kuishi na matokeo yake. Land Rover nayo imetengenezwa upya na mikono ya Watanzania mara nyingi kuliko ilivyoguswa kiwandani.

Tusitegemee sheria ifanye kazi hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakinga moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na gari la 1958 liko mbali na mstari huo. Ulinzi wake uko kwa mwenye gari na fundi wake. Vyuo vya ufundi vya VETA vingeweza kuwaalika mafundi wazee wa bodi wafundishe kulainisha alumini na kuunga chasisi, huku kila gereji ikiweka daftari la picha la kila gari kabla ya msasa kuligusa. Gharama yake ni ndogo, na mafundi waliojifunza kazi katika miaka ile ya uhaba wanazidi kupungua. Anayetaka kulifufua gari lake aanze sasa, wakati fundi wa kumfundisha kijana bado yupo.