Time Machine (programu)

Time Machine ni programu ya kutunza nakala rudufu za faili, iliyomo katika kompyuta za Mac zinazotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani. Ilitolewa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 2007 pamoja na mfumo wa uendeshaji Mac OS X 10.5 (Leopard). Kwa kawaida hunakili mabadiliko kila saa. Hutunza nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi iliyotangulia. Diski ikijaa, nakala za zamani zaidi hufutwa.

Nakala kupitia Wi-Fi

Mwaka 2008 Apple ilianza kuuza Time Capsule, yaani ruta ya Wi-Fi yenye diski ndani yake, ili kompyuta zote za nyumbani zinakili faili bila kebo. Kazi hiyo hufanywa pia na diski za mtandao za kampuni nyingine, au na Mac moja inayozihudumia nyingine.

Nakala za mtandaoni hazikai wazi kwenye diski. Huwekwa ndani ya taswira ya diski, yaani faili kubwa inayojifanya kuwa diski kamili, iliyokatwa vipande vingi vidogo. Kompyuta huifungua kwa mbali na kuandika ndani yake. Hapo ndipo penye udhaifu: mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, orodha ya yaliyomo inaweza kutofautiana na yaliyomo yenyewe.

Sababu za kushindwa

Mara nyingi kinachoonekana kuwa hitilafu ni polepole tu. Nakala ya kwanza huchukua faili zote. Kwa mfano, GB 200 zikipita katika Wi-Fi yenye kasi halisi ya megabiti 20 kwa sekunde zinahitaji saa 22 hivi, na kompyuta ya mapakato ikifunikwa huingia usingizini na kazi husimama. Kwa hiyo ni afadhali nakala ya kwanza ifanywe kwa kebo ya Ethernet kutoka kompyuta hadi ruta, kisha Wi-Fi iachiwe mabadiliko ya kila saa, ambayo kwa kawaida ni machache.

Kompyuta isipoiona diski kabisa, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba vyote viwili vimo katika mtandao mmoja. Nyumba yenye ruta mbili, au yenye mtandao wa wageni, huweza kuwa na intaneti nzuri kila chumba huku diski ikiwa upande mwingine. Nenosiri la diski likibadilishwa, lile la zamani lililohifadhiwa katika Mac huendelea kutumwa na kukataliwa. Diski huondolewa katika mipangilio ya Time Machine na kuongezwa upya. Nafasi nayo huangaliwa: Apple hupendekeza diski yenye ukubwa angalau mara mbili ya hifadhi ya Mac, na diski inayotumiwa na familia nzima kwa picha na filamu hujaa mapema.

Jambo moja huwadanganya wengi. Mac hutunza pia nakala za muda ndani ya diski yake yenyewe. Mtu huona faili za jana kwenye dirisha la Time Machine na kudhani diski ya mtandao inafanya kazi. Kompyuta ikiibwa au diski yake ikiharibika, nakala hizo hupotea pamoja nayo. Tarehe ya kuaminika ni ile ya nakala ya mwisho inayoonyeshwa katika mipangilio.

Taswira iliyoharibika

Time Machine hukagua taswira za mtandaoni mara kwa mara. Mtumiaji anaweza pia kuamuru ukaguzi kwa kushikilia kitufe cha Option na kubofya alama ya programu hiyo juu ya skrini. Ikigundua uharibifu, ambao unaweza kutokana na umeme kukatika au ishara dhaifu ya Wi-Fi, hutoa ujumbe kwamba lazima ianze nakala mpya.

Ujumbe huo usikubaliwe kwa haraka. Kuanza upya hufuta historia yote ya zamani, pamoja na faili zilizokwisha kufutwa kwenye kompyuta na kubaki katika nakala peke yake. Mtumiaji anaweza kuahirisha, ingawa katika muda huo hakuna nakala inayofanywa, kisha ajaribu kufungua taswira na kunakili faili muhimu kwenye diski ya USB. Kuitengeneza kwa Disk Utility hufaulu mara nyingine tu.

Vifaa vya zamani

Apple iliacha kutengeneza Time Capsule mwaka 2018. Zilizobaki hutumia itifaki ya AFP au toleo la kwanza la SMB, zote mbili za kizamani; diski za mtandao za sasa hutumia matoleo mapya ya SMB. Tangu macOS Big Sur (2020) Time Machine inaweza pia kuhifadhi nakala katika muundo wa APFS badala ya HFS+.