Uganda: Umeme wa Jinja na Sheria Zilizoutawala

Tarehe 22 Aprili, 1979, majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakimpinga Idi Amin, yaliingia katika mji wa Jinja. Kampala ilikuwa imekwisha kuanguka siku chache kabla. Jambo lililowatia watu hofu halikuwa mji wenyewe bali bwawa la Owen Falls, kwani ilidhaniwa kwamba askari wa Amin waliokuwa wakikimbia wangelivunja. Bwawa lilikutwa zima. Askari aliyevuka Mto Nile juu ya ukingo ule wa saruji hana haja ya kuelezwa kwamba kituo cha kufua umeme ni ngome. Linalohitaji maelezo ni jinsi ngome iliyookolewa vitani ilivyokuja kudhoofika wakati mwingine, bila hata risasi moja kupigwa.

Bwawa hilo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza tarehe 29 Aprili, 1954, nalo liliyazamisha maporomoko ya Ripon. Mitambo yake kumi ilikusudiwa kutoa megawati 150. Lakini ikumbukwe kwamba kabla ya zege kumwagwa palikuwa na karatasi. Waingereza waliandikiana na Misri, wakakubaliana kwamba maji yatakayotoka Jinja yalingane na yale ambayo yangetoka kwa desturi ya ziwa kama bwawa lisingekuwapo. Misri ilichangia gharama, na mhandisi wake akakaa Jinja kuyaangalia maji hayo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kiasi cha umeme ambacho Mganda angeweza kukipata hakikutegemea mitambo peke yake, bali kilitegemea pia mapatano ambayo Mganda mwenyewe hakuyatia sahihi.

Karatasi ya pili ilihusu Kenya. Shirika la Umeme la Uganda, lililoanza kazi mwaka 1948, lilifunga mkataba wa miaka 50 wa kuiuzia Kenya megawati 30, na njia ya umeme ikapitishwa Tororo hadi Nairobi. Mkataba huu ulikuwa na uhai wa ajabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, reli zikagawanywa, ndege zikagawanywa, mpaka ukafungwa. Hata hivyo umeme wa Jinja uliendelea kwenda Kenya. Nyakati hizo hizo viwanda vingi vya Uganda vilikuwa vimesimama, kwa sababu wenye ujuzi walikuwa wamefukuzwa au wamekimbia, na vipuri havikupatikana. Baada ya vita hali haikutengemaa haraka. Mitambo ilichakaa, nguzo zikaoza, na Shirika likawa linauza umeme kwa bei isiyotosha hata kuukarabati mtandao wake, huku wadaiwa wakubwa, zikiwamo ofisi za Serikali, wakichelewa kulipa.

Ndipo ilipokuja Sheria ya Umeme ya mwaka 1999. Shirika la zamani lilivunjwa mwaka 2001, likazaa makampuni matatu ya Serikali: moja la kufua umeme, la pili la kuusafirisha katika njia kuu, na la tatu la kuusambaza kwa wateja. Juu yao iliwekwa Mamlaka ya kutoa leseni na kupanga bei. Mwaka 2003 vituo vya Jinja vilikodishwa kwa kampuni ya Eskom ya Afrika Kusini, na mwaka 2005 usambazaji ukakodishwa kwa kampuni ya Umeme, kila mkataba ukiwa wa miaka 20.

Wakati ulikuwa mbaya. Kituo kipya cha Kiira, cha megawati 200, kilikuwa kimejengwa kando ya kile cha zamani, lakini mto ni ule ule mmoja. Katika miaka ya 2004 na 2005 Ziwa Victoria lilishuka sana, na wataalamu wa maji walionyesha kwamba ukame haukuwa sababu pekee: maji yaliyoachiwa Jinja yalikuwa yamezidi kiwango cha mapatano ya kale. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu waliona fukwe zikirudi nyuma. Uganda iliingia katika mgao wa umeme, ikakodi mitambo ya dizeli, na bei ikapanda mwaka 2006.

Haki inataka pande zote mbili zisemwe. Chini ya kampuni ya Umeme, upotevu wa umeme njiani ulishuka kutoka karibu asilimia 38 mwaka 2005 hadi chini ya asilimia 20 miaka kumi baadaye, na wateja, ambao walikuwa hawafiki laki tatu, wakazidi milioni mbili. Lakini mkataba uliiruhusu kampuni kupata faida ya asilimia 20 juu ya fedha ilizowekeza, na mzigo huo ulikuwa katika bei aliyolipa mwananchi. Mwaka 2014 Bunge liliazimia mkataba uvunjwe, Serikali haikuuvunja. Hapana shaka ilipiga hesabu ya fidia.

Ulinzi nao ulikuwa na sheria yake. Wezi walipozoea kufungua vyuma vya minara ya njia kuu na kuviuza kama chakavu, Bunge lilirekebisha Sheria ya Umeme mwaka 2022 na kuzidisha adhabu. Mnara mmoja ukianguka, wilaya kadhaa huweza kukaa gizani. Jambo hili halikuwa la Waganda peke yao, kwani kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulipata umeme wake kutoka Uganda kwa njia ya Masaka.

Mkataba wa Eskom ulikwisha tarehe 31 Machi, 2023, na ule wa Umeme tarehe 31 Machi, 2025. Kesho yake kampuni ya Serikali ya usambazaji ilizipokea nyaya, nguzo na transfoma zote. Pande mbili hazikukubaliana kuhusu kiasi cha fidia, na shauri likapelekwa kwa wasuluhishi mjini London.