Boy wa Kisii Hupimwa Akitakikana Kazi

Wasee, mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini? Usinidanganye. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na miaka 20, na haikuwa hospitali. Ilikuwa uwanjani, vijana wanatafutwa kuajiriwa askari. Tumevua mashati, tunaangaliwa meno, nyayo, kimo. Kufika kwa presha, jamaa akatazama mashine, akaniambia, "Wewe toka kwa laini." Namba hakunitajia. Nikaenda nyumbani nikijua tu nimekosa mtu wa kunishika mkono.

Hiyo laini iko na zaidi ya miaka 100, na imepita hapa kwetu.

Septemba 1914 Wajerumani walivuka kutoka Tanganyika wakapigana na Waingereza hapa Kisii mjini. Vita vikaendelea kusini, na jeshi likahitaji watu wa kubeba risasi na chakula. 1917 John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya wanaume Kenya nzima, kwa lazima. Wagusii walikuwa ndani. Daktari aliwakagua kwanza, na wengi sana wakarudishwa kwa sababu miili haikuweza. Fikiria hapo. Serikali iliona kwa macho yake kwamba vijana ni wagonjwa, na swali lilikuwa moja tu: huyu anaweza kubeba mzigo ama hawezi? Waliopita, kuhara, malaria na nimonia viliwamaliza kuliko risasi. Hesabu rasmi ya wabebaji waliokufa inapita 40,000. Kariakor ya Nairobi ilipata jina kutokana na hao.

Na ile hospitali kubwa ya Kisii tunapita nje kila siku? Ilianza 1916 kutibu majeruhi wa hiyo vita.

Angalia wasichana wa rika letu sasa. Dada yangu ana miaka 23 na mtoto mmoja. Kliniki ya wajawazito ilimpima presha, damu, mkojo, ukimwi, tena na tena. Si ati anajipenda kuliko mimi, ni vile alikuwa na mlango wa kuingilia. Boy hana mlango kama huo. Wake ni ajali ya bodaboda ama kuajiriwa. (Halafu tunaambiwa wanaume ni wakaidi. Sawa, wengine ni wakaidi.)

Septemba 2023 serikali ilitoa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchi nzima: mashine ya presha, ya sukari, mizani. Kwetu huko Nyamira anayekuja ni jirani, mama wa makamo. Alikuja kupima magokoro. Nilikuwa nimeketi hapo na simu, akasema, "Na wewe kijana, leta mkono."

152 kwa 98. Akarudia, ikakataa kushuka. Kuanzia 140 kwa 90 ni ya juu, na mimi nilikuwa nasikia poa kabisa. Akaniandikia karatasi ya zahanati, huko nikapimwa siku tatu tofauti, kisha damu na mkojo kuangalia figo. Figo ziko sawa. Chumvi nimepunguza, dawa nimeanza.

Miaka miwili hiyo namba ilijulikana na mtu mwingine kabla yangu.

Baba bado anasema hospitali ni ya wagonjwa. Jumamosi yule mama anarudi. Nimemwambia apite kwa mzee kwanza, kabla hajatoka kwenda kukata majani chai.