Bikira Maria wa Waendesha Baiskeli

Egemeza baiskeli yako ukutani. Hapa hakuna atakayekushangaa.

Kanisa hili dogo la mawe, la karne ya 11, lipo nje kidogo ya kijiji cha Labastide-d'Armagnac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Padri Joseph Massie, mpenzi mkubwa wa baiskeli, alitamani liwe kama lile la Madonna del Ghisallo huko Italia, ambako waendesha baiskeli huenda kusali. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII akaridhia.

Ingia, kisha inua macho. Badala ya picha za watakatifu peke yake, kuta zimejaa jezi walizoziacha wenyewe wenye kuzivaa, baadhi zikiwa zimepauka rangi. Zimo za waendesha baiskeli mashuhuri Eddy Merckx na Raymond Poulidor. Luis Ocaña, mzaliwa wa Hispania aliyekulia Ufaransa na kushinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France mwaka 1973, alifunga ndoa humu humu.

Mashindano hayo yenyewe yalifika mwaka 1989, hatua moja ilipoanzia kijijini kuelekea Pau. Siku nyingine barabara ni ya trekta na ndege. Inapita kati ya mizabibu ya armagnac, kinywaji kikali kinachozeeshwa katika mapipa ya mwaloni. Kionje ukishamaliza safari, si kabla.

Kijiji kilianzishwa mwaka 1291. Uwanja wake umezungukwa na nyumba za mbao na matao. Chini ya matao hayo kuna kivuli cha kutosha kubadilishia tairi.