Fizi wangapi wanajua kusoma?

Wandugu wahitimu, swali hilo tunaulizwa kila mara tukiandika ripoti. Tunachukua asilimia ya Kivu Kusini nzima, tunaiweka pale. Na mimi nimefanya hivyo, sikatai.

Lakini sensa ya mwisho Kongo ni ya 1984. Tangu hapo tunategemea uchunguzi wa nyumba chache, kama ule wa afya wa 2013-2014. Aliyefika sekondari alihesabiwa tu kuwa anajua kusoma, hata bila kupimwa. Wengine walipewa kadi yenye sentensi fupi, wasome. Matokeo yalitolewa kwa jimbo: Bukavu na vyuo vyake chungu moja na vijiji vya Ngandja!

Mama yangu, hapa Baraka, anasoma Biblia ya Kiswahili kila asubuhi. Hakuulizwa, sababu wanawake walioulizwa walikuwa wa miaka 15 hadi 49. Na rika langu? Wengi walivuka ziwa vita vya 1996, wakasomea kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa programu ya Kongo. Walikuwa ng'ambo, hakuna aliyewafuata na kadi.

Ripoti ya safari hii, nafasi ya asilimia ya Fizi nimeiacha wazi. Mkubwa wangu ameirudisha mara mbili.