Jumbe Alilisha Mji

Katika miji ya pwani ya Mrima, tangu Pangani, Saadani na Winde mpaka Bagamoyo na Kaole, cheo kilikuwa na bei, na bei yenyewe haikuwa siri. Mtu aliyetaka ujumbe, yaani cheo cha jumbe, hakuandika barua ya maombi wala hakukaa kusubiri uteuzi. Alipima ukoo wake, akapima mfuko wake, kisha akawaendea majumbe waliokuwapo akawaambia nia yake. Nao wakamtajia ada: fedha, nguo, ng'ombe, mchele. Akiziweza alizitoa, wakamfunga kilemba mbele ya watu. Zikimshinda alirudi kwake, na mji mzima ukajua kwamba fulani alitaka ukubwa ukamshinda.

Leo ukisema mtu amenunua cheo, umemtukana. Wakati ule ndiyo ilikuwa sifa yenyewe. Fedha zilitoka mchana kweupe, na zililiwa na mji.

Mimi ni mshereheshaji, mtoto wa Bagamoyo. Nashika kipaza sauti kwenye harusi, mahafali, uzinduzi wa visima na shughuli za vyama vya kuweka na kukopa. Nusu ya kazi yangu ni vyeo vya watu: nani atajwe kwanza, nani baada yake, nani asitajwe kabisa maana amekuja bila mwaliko. Watu wanadhani mshereheshaji anaogopa umeme kukatika. Umeme ukikatika watu hucheka na kusubiri. Kinachoogopwa ni kumwita Mheshimiwa mtu ambaye tangu uchaguzi uliopita si Mheshimiwa tena, au kumwita kwa jina tupu mtu ambaye bado ni Mheshimiwa. Ndiyo maana nikaanza kuuliza wazee na kusoma: vyeo hivi vilianzaje kutolewa hapa kwetu?

Anayefaa kusomwa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mwalimu wa Kurani aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapwa Ujerumani mwaka 1903, na jina la juu kabisa kwenye jalada likawa la Carl Velten, mhariri. Hata katika kitabu kinachoeleza vyeo, mwenye maneno alipewa cheo cha chini. Ila maneno yamebaki, na yanaonyesha ngazi nzima: jumbe, na chini yake waziri, shaha, amiri, akida. Bagamoyo haikuwa na jumbe mmoja. Walikuwa kadhaa, wengi wao wa koo za Kishomvi, kila mmoja na mtaa wake na watu wake, na majumbe hao waliitwa pia madiwani. Ukienda magofu ya Kaole utaonyeshwa makaburi ya madiwani hao, karibu na msikiti wa kale.

Kilemba kilikuwa na maana gani? Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita pwani hii mwaka 1857, akaandika juu ya haki za diwani wa Mrima: kuvaa kilemba, kuvaa mitalawanda ya mbao, kukalia kiti. Msomaji wa leo mwenye viti vya plastiki uani ataona ni mambo madogo. Lakini fikiria mji ambao watu wote wanakaa chini kwenye mkeka na kutembea pekupeku, halafu mmoja anapita njiani na mitalawanda yake ikigonga mawe. Hukuhitaji mshereheshaji kukutangazia. Ulisikia cheo kinakuja kabla hujamwona mwenyewe. Na ikichezwa goma kuu, ngoma ya wakubwa, kila mtu alijua nani ana haki ya kuingia uwanjani na upanga mkononi na nani kazi yake ni kutazama.

Kaskazini zaidi ukubwa ulikuwa na sauti nyingine: siwa, baragumu kubwa. Ile ya Pate imechongwa kwa pembe ya ndovu, ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili ziko makumbusho ya Lamu mpaka sasa. Zililia kwenye shughuli za waungwana tu. Wa chini hakupuliziwa hata kama ana fedha. Unguja nako, Mwinyi Mkuu wa Dunga alikuwa na ngoma zake na siwa zake, na vitu hivyo vilihesabiwa kuwa ndivyo vinavyobeba utawala. Nimesimama mbele ya kioo cha makumbusho nikiziangalia na kujiuliza nani angethubutu kuzipiga bila ruhusa.

Turudi Mrima, kwa sababu Mrima ndiko mlango wa cheo ulikokuwa wazi kidogo. Ukoo ulitazamwa, ndiyo, lakini ukoo peke yake haukutosha. Ilibidi ulipe. Na malipo hayakwisha siku ya kilemba. Jumbe aliyekwisha kuwa jumbe aliendelea kutarajiwa kulisha: harusi, matanga, maulidi, ngoma za mtaa. Mtaa mmoja ukifanya karamu, mtaa wa pili ulijibu kwa karamu kubwa zaidi, na jumbe aliyeshindwa kujibu aliaibika na watu wake wote. Kwa upande wake alipata sehemu yake nyama ikichinjwa, na alipata kitu kutoka kwa misafara iliyoteremka na pembe kutoka bara. Kilichoingia kwa mkono mmoja kilitoka kwa mwingine. Jumbe bahili alibaki na jina, lakini akipiga ngoma watu hawakuja.

Sitaki kuupamba mji ule. Ng'ombe wale na mchele ule vilitokana na biashara ya pembe na ya watu, na mashambani walikuwako watumwa waliolima chakula cha karamu ambazo hawakualikwa kukaa mbele. Hekima iliyokuwapo ilikuwa moja tu, nayo naiheshimu: cheo kilimgharimu anayekitaka, na kilipokewa na watu waliomjua tangu utoto.

Sultani wa Unguja aliwaacha majumbe na ada zao. Alichoongeza ni liwali, mtu wake, aliyekuja na barua ya uteuzi na posho. Liwali hakuhitaji kulisha mtu ili awe liwali. Hapo pwani ikajua cheo kinachoshuka kutoka juu kikiwa tayari kimekamilika, na kwa muda vyeo hivyo viwili vilikaa mji mmoja: kimoja cha karamu, kimoja cha karatasi.

Kisha Aprili 1888 Sultani Khalifa akatia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa pwani. Agosti kampuni ikaja kuchukua chake. Pangani, ofisa wake Emil von Zelewski akaanza kwa kubishania bendera na kumdharau liwali, na moto ukawaka pwani nzima. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri bin Juma wa Saadani ndio wanaotajwa zaidi, lakini wenyeji wa miji, majumbe wakiwamo, walikuwa na sababu zao: bandari ikichukuliwa na misafara ikitozwa na mtu mwingine, karamu italipwa na nini? Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri akasalimu amri mwaka uliofuata.

Wajerumani hawakufuta ujumbe. Waliuajiri. Jumbe akawa msimamizi wa kijiji, juu yake akida mwenye vijiji vingi, juu ya akida mkuu wa wilaya mwenye bunduki. Akida wa zamani alikuwa kiongozi wa vijana, vitani na ngomani. Akida mpya alikuwa mtu wa daftari. Vyeo hivi vikapelekwa bara mahali ambapo hapakuwahi kuwa na jumbe, na watu wakaletewa mkubwa ambaye hawakula ng'ombe wake hata mmoja. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, jumbe ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Zamani mtaa ulikwenda kwa jumbe kula, sasa jumbe alikuja kwa mtaa kuchukua. Maji Maji ilipolipuka Julai 1905 kwa kung'oa pamba kule Matumbi, akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kwanza. Baada ya hapo maakida na majumbe waliwindwa kusini kote. Sidhani watu walichukia jina. Walichukia kwamba jina lile lilikuwa halilipiwi tena na mwenye kulivaa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa siasa hulipita haraka, na mimi, kwa kuwa ni mtu wa sherehe, siwezi kulipita. Serikali ilipochukua vyeo, watu walijitengenezea vingine. Miaka ya 1890 pwani ya Kenya ilianza kucheza beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na kufikia Vita Kuu ya Kwanza beni ilikuwa imeshika Tanga, Dar es Salaam na kuingia bara. Vikundi vilijiita Marini na Arinoti, na ndani yake mlikuwa na Kingi, Jenerali, Bwana Daktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mpagazi au mpishi wa Mzungu, ambaye kazini aliitwa boi hata akiwa na mvi, jioni alivaa sare iliyopigwa pasi akawa Jenerali. Na cheo hakikutolewa bure: ulichanga, ulialika, ulilisha wenzako, ndipo ukapandishwa. Ujumbe wa Mrima ulikuwa umehamia uwanjani. Maofisa wa kikoloni waliitazama beni kwa wasiwasi, wakidhani ni njama. Naona hawakuelewa kwamba watu walikuwa wanaendelea na desturi yao ya zamani, ila kwa tarumbeta.

Waingereza hawatanichelewesha. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, sheria ya mamlaka za wenyeji ikatoka 1926, maakida wakaondolewa sehemu nyingi na machifu wakatafutwa, hata mahali ambapo palihitajika kutafuta kwa bidii sana. Pwani iliendelea na maliwali. Kisha Tanganyika huru ikaufuta uchifu wa kiserikali mwaka 1963, chini ya rais ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na hakuwahi kutaka kuitwa hivyo. Vyuo vikuu vilimpa shahada nyingi za heshima, watu wakaendelea kumwita Mwalimu, kazi aliyoifanya kweli kabla ya siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi nzima ikawa Ndugu: ndugu waziri, ndugu katibu, ndugu dereva. Wazee wenzangu wa kipaza sauti wanasema kazi ilikuwa rahisi miaka hiyo. Ukisema ndugu, hujakosea.

Leo Ndugu imebaki mikutano ya chama, na Mheshimiwa imejaa kila mahali. Diwani yupo bado, anapigiwa kura kwenye kata. Visiwani sheha yupo, anateuliwa na mkuu wa mkoa. Machifu nao hawakwisha: Septemba 2021 huko Kisesa, Magu, walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Na wapo wenye udaktari wa heshima, wengine wameupata kwa sababu tunazozijua sote, wengine sijui waliupatia wapi na sijauliza.

Nieleze jinsi mambo yanavyokwenda mezani kwangu. Orodha ya itifaki huja ikiwa imechapwa vizuri, ukurasa mmoja. Wageni wanapoingia, karatasi inaanza kuandikwa kwa mkono: mshale, jina limehamishwa juu, jina limefutwa. Katika mahafali moja, nikiwa nimeshaanza kusoma, msaidizi wa mgeni alinisogelea akaniwekea kikaratasi kilichokunjwa mara mbili. Ndani kulikuwa na neno moja na nukta: «Dkt.» Hakuandika hata jina. Alijua nitajua la kufanya, na nilijua. Nilirudi mwanzo wa sentensi nikalisoma upya, mgeni akatikisa kichwa kidogo, watoto wakaendelea kusimama juani. Tukizidiwa kabisa, tunayo ile sentensi ya kuokoa maisha, itifaki imezingatiwa, maana yake wote mmetajwa ingawa sijamtaja mtu.

Ombi langu kwa kamati za sherehe ni hili. Andikeni jina la mtu na kazi anayoifanya sasa, basi. Anayetaka cheo kingine kisomwe, achangie jambo la siku hiyo, ng'ombe au gunia la mchele au madawati, nami nitakisoma mara mbili na kutaja alichotoa. Wengine wote wasomwe pamoja, ili watu wale chakula kikiwa bado cha moto.