Anuarite na shule ya mafungo: sista aliyejua kukataa na kusamehe

KISANGANI. Kila tarehe 1 Desemba, Wakatoliki wa Kongo wanamkumbuka Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro mwaka 1964, akiwa bado hajatimiza miaka 25. Habari ya usiku ule inajulikana na wengi. Kinachosimuliwa mara chache ni miaka iliyotangulia: miaka ya masomo, ya ukimya na ya mafungo. Kwa familia zilizoacha nyumba zao Lubunga na katika vijiji vya Tshopo, sehemu hiyo ya historia ndiyo yenye msaada zaidi leo.

Historia hiyo inaanzia hapa hapa Kisangani. Noeli ya mwaka 1897, Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Saint-Gabriel karibu na maporomoko ya mto. Mwaka 1908 akawa askofu wa kwanza wa Stanley Falls. Wakati huo ubatizo haukutolewa kwa haraka. Mtu mzima alifundishwa kwanza na katekista, akajifunza sala na amri, na mwenendo wake ukaangaliwa kijijini. Upande wa Waprotestanti pia, Wabaptisti wa Yakusu, chini kidogo ya mto, waliandaa walimu wao kwa kusoma Biblia kabla ya kuwatuma vijijini. Pande zote mbili walikubaliana kwamba imani inahitaji shule.

Askofu aliyemfuata Grison, Camille Verfaillie, alianzisha shirika la masista Wakongo. Jina lake likawa la Kiswahili mpaka leo: Jamaa Takatifu. Nyumba yao ilikuwa Bafwabaka, upande wa Wamba, eneo ambalo lilikuwa chini ya Kanisa la Stanleyville hadi mwaka 1949, Wamba ilipopata askofu wake.

Anuarite alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939. Kwao walizaliwa mabinti sita, hakuna mtoto wa kiume, na kwa sababu hiyo baba yake alimwacha mama. Jeraha hilo alikua nalo. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba alimsamehe baba yake, na kwamba haikuwa rahisi. Wanasema pia kwamba alikuwa msichana wa moyo mwepesi kuumia na kukasirika. Hakuzaliwa mpole kama watu wanavyofikiri wakiona picha yake ukutani kanisani.

Siku moja lori lilikuja Wamba kuwachukua wasichana wanaokwenda Bafwabaka kujitayarisha kwa utawa. Bila kumwambia mama yake, Anuarite alipanda pamoja nao. Huko aliingia katika shule ya namna nyingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyokuwa ikifuatwa wakati huo, ilitaka kila novisi akae mwaka mmoja kamili bila kazi nyingine kubwa. Alitakiwa kujifunza kanuni za shirika, kutafakari, kusali na kuelewa maana ya nadhiri. Sheria hiyo ilieleza pia shabaha ya kazi yote: kung'oa mizizi ya tabia mbaya, kutuliza misukosuko ya moyo, na kupata fadhila. Kabla ya kuweka nadhiri, novisi alipaswa kufanya mafungo ya siku 8 kamili. Baadaye, kila mwaka, sista alirudi tena katika mafungo.

Mafungo hayo si mapumziko, na hayafanani na mikesha ya kelele. Mtu anaacha shughuli. Anasikiliza somo fupi, kisha anakaa kimya nalo. Anajiuliza: nimemkosea nani, nani amenikosea, naogopa nini? Anachukua azimio moja au mawili ya kuishi nayo akirudi kazini. Jambo ni dogo, lakini linarudiwa siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Anuarite aliweka nadhiri tarehe 5 Agosti 1959. Baada ya hapo alifanya kazi za kawaida: kufundisha watoto shuleni, kutunza sakristia, kusaidia jikoni. Miaka mitano baadaye, tarehe ile ile ya 5 Agosti, mwaka 1964, waasi Simba waliuteka mji wa Stanleyville. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini. Siku mbili baadaye, Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista na wasichana wa nyumba ile katika lori, na kuwapeleka hadi Isiro.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kanali mmoja wa waasi alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Alikataa. Alipigwa pamoja na mwenzake, Sista Jean-Baptiste Bokuma, ambaye alivunjwa mkono. Anuarite aliendelea kukataa. Katikati ya mapigo, alimwambia yule kanali kwamba anamsamehe. Kisha akachomwa visu na kupigwa risasi. Masista wenzake walikuwa karibu naye, wakaimba mpaka alipokata roho. Kati ya masista wale, ni yeye peke yake aliyeuawa usiku ule.

Maneno yake mawili ya usiku ule yanapaswa kukaa pamoja: hapana, na nimekusamehe. Wahubiri wengi wanachukua lile la pili na kuliacha la kwanza. Lakini Anuarite hakusamehe kwa kukubali ubaya. Aliukataa ubaya mpaka mwisho, huku akikataa pia kumchukia aliyeutenda. Mtu hapati maneno kama hayo katika dakika moja ya hofu. Yalikuwa yamefanyiwa mazoezi kwa miaka mingi, kuanzia kwa baba aliyeondoka nyumbani, halafu katika ukimya wa Bafwabaka.

Papa Yohane Paulo II, aliyefika Kisangani mwezi wa Mei 1980, alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Siku hiyo Papa naye alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote. Leo mabaki ya Anuarite yamo katika kanisa kuu la Isiro.

Jambo hili linagusa Kisangani ya leo. Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, uliolipuka mwaka 2023, umeua watu, umechoma nyumba na kujaza makambi. Wapo Wakristo pande zote mbili. Mama aliyepoteza shamba na mtoto akisikia neno «samehe» mimbarani, anaweza kudhani anaambiwa asahau, au aache kudai haki yake. Habari ya Anuarite haisemi hivyo. Kudai ardhi mbele ya sheria, kumtaja aliyechoma nyumba, kukataa kurudishwa mahali pasipo na usalama: hayo yote yanaweza kwenda pamoja na msamaha. Kisichoweza kwenda nao ni kisasi.

Tena, shule hiyo si ya masista peke yao. Tangu mwaka 1929 Papa Pius XI aliandika barua kuhimiza mafungo hata kwa walei na wafanyakazi. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kujenga Kanisa juu ya jumuiya hai, ambamo majirani wanakutana, wanasoma Neno na kuangalia maisha yao kwa mwanga wake. Jumuiya haihitaji nyumba ya mafungo yenye vyumba na bustani. Inaweza kukutana chini ya turubai la kambini, watu wanane au kumi, wakiwa na Biblia moja, na saa moja ambayo hakuna anayepiga kelele.

Anuarite alianza na hasira yake mwenyewe na jeraha la nyumbani kwao. Hapo ndipo na mkimbizi wa Lubunga anaweza kuanzia.